Hivi 50 Cent aliuzaje kopi 872,000 ndani ya siku nne?

biti_za_keko:

Wakuu kwema? Kuna ubishi umezuka hapa studio kwetu na hauishi, nikaona niulete humu kwa wanaoijua hip hop ya kipindi kile. Mimi natengeneza biti na kuna dogo namsimamia, nyimbo zake ziko tayari za kutosha albamu, sasa mshkaji wetu mmoja anasema tusitoe albamu kwanza, tugawe nyimbo bure mtaani mwaka mzima kama alivyofanya 50 Cent na mikstepu zake (zile sidii za mtaani zisizopitia lebo) halafu albamu itajiuza yenyewe. Dogo anasema huo uongo, 50 aliuza kwa sababu alikuwa na Dr. Dre na Eminem nyuma yake pamoja na hela za lebo ya Interscope, bila hao angebaki na makovu yake kwao Queens, New York. Wa tatu ndo kabisa, yeye anasema kilichouza ni zile risasi tisa alizopigwa basi.

Mimi ninachojua ni kwamba Get Rich or Die Tryin' ilitoka Februari 2003, wiki ya kwanza ikauza kopi 872,000, na hiyo wiki haikuwa wiki, zilikuwa siku nne tu. Na ndo albamu yake ya kwanza kutoka chini ya lebo kubwa! Tena kipindi ambacho Wamarekani walikuwa wanashusha nyimbo bure kwenye kompyuta na mauzo ya sidii yanaporomoka kila mwaka. Naombeni anayejua anielekeze, sio kwa ushabiki, nataka kujua kipi kilitangulia na kipi kikafuata maana kuna uamuzi tunatakiwa tufanye hapa.

mzee_wa_kanda:

Mkuu wote watatu mmeshika kipande, ila ukianzia 2003 huwezi kuelewa. Turudi nyuma kidogo.

Huyu Curtis Jackson, yani 50 Cent, alishasainiwa kabla. 1999 alikuwa lebo ya Columbia chini ya maprodyuza Trackmasters na albamu ikawa imeshakamilika, Power of the Dollar. Wimbo uliomtambulisha unaitwa How to Rob, humo anataja mastaa kibao kwa majina na jinsi atakavyowapora, Jay-Z akamjibu, wengine wakamjibu, mtaa mzima ukaanza kuuliza huyu ni nani. Halafu tarehe 24 Mei 2000 akamiminiwa risasi tisa nje ya nyumba ya bibi yake huko South Jamaica, Queens, moja ikapita shavuni, ndo maana mpaka leo anatamka maneno kwa kuyaburuta vile. Columbia wakamtema na albamu wakaifungia kabatini. Sasa fikiria hali yake, katoka hospitali, hana lebo, na pale New York hakuna kampuni kubwa inayotaka kumgusa kwa sababu kila mtu anaogopa waliomtafuta watarudi.

Hapo ndo kwenye somo. Akaingia kurekodi na prodyuza wake Sha Money XL bila kusubiri ruhusa ya mtu. Na alivyofanya ilikuwa tofauti na wenzake, maana mikstepu za zamani dijei anakusanya vipande vya marapa mbalimbali, kila mtu anamwaga mistari kumi na sita anapita. 50 na G-Unit yake, yani Lloyd Banks na Tony Yayo, walichukua biti za nyimbo za watu zilizokuwa zinatamba redioni, wakaandika mistari mipya NA KIITIKIO KIPYA, wimbo kamili mwanzo mwisho. Unachukua biti ambayo watu wameshaizoea halafu unawawekea kiitikio kinachowafanya wausahau wimbo wa mwenyewe. Huo ni ukatili mkuu, na ni ufundi wa hali ya juu.

Mwaka 2002 peke yake zilitoka Guess Who's Back?, 50 Cent Is the Future na No Mercy, No Fear, DJ Whoo Kid akiwa mtu wake wa karibu kwenye kuzisambaza. Ile Guess Who's Back? ikafika kwa Eminem kupitia mwanasheria wa 50, Eminem akamwita Los Angeles, akamkutanisha na Dre, wakamsaini kwa dola milioni 1. Kwahiyo mpangilio ndo huo, kazi ya mtaani ilitangulia na Eminem akafuata, dogo wako alishike hilo vizuri.

mbeba_boksi_nj:

Nilikuwa New Jersey kipindi hicho na siku za off nilikuwa navuka kwenda New York, wacha niongezee hali ya barabarani maana wengi mnaisoma tu.

Pale Canal Street na 125th Street Harlem wauzaji walikuwa wanapanga sidii kwenye meza za kukunja au kitambaa chini, wengi wao ndugu zetu Wasenegali. Kava ni karatasi ya fotokopi ya rangi imekatwa kwa mkasi, kona moja imepinda, ukiishika na mkono wa jasho wino unabaki kidoleni. Dola 5 moja, ukichukua nyingi anakupunguzia. Kulikuwa na meza ambazo nusu nzima ni sura ya 50 Cent. Muuzaji ana redio pembeni anaweka wimbo kama dakika moja anakata anaweka mwingine, na Whoo Kid anapayuka jina lake juu ya mistari mpaka unakereka ila hununui sababu ya Whoo Kid, unanunua sababu ya yule jamaa anayerap kama anaongea na wewe tu.

Sasa kitu ambacho watu wa lebo walikiona na wengine hawakukiona ni hiki. Huyu mtu alikuwa maarufu kuliko watu wenye albamu madukani na yeye madukani hana kitu. Ukiingia duka la maana ukamuuliza muuzaji albamu ya 50 Cent anakwambia bado. Miezi na miezi ni bado. Mtu anaishia kununua hizo za kuchoma, anazirudia mpaka zinakwaruza, na kiu inazidi. Ilipofika Februari watu hawakuwa wanamjaribu msanii mpya, walikuwa wanaenda kuchukua chao.

nai_boombap:

Niaje wasee. Hapo kwa mikstepu niko na nyinyi lakini tusidanganyane, mikstepu inakupa New York, haikupei Nebraska. Watu 872,000 hawawezi toka Queens.

Kilichompeleka kwa kijana wa mashambani huko Marekani ni vitu mbili. Kwanza wimbo wake Wanksta uliwekwa kwa sauntraki ya 8 Mile, hiyo ilitoka mwisho wa Oktoba 2002 filamu ikafuata Novemba, na ilishika namba 1 kwa chati ya albamu ya Billboard ikauza mamilioni. Kwa hivyo kila mtu alinunua juu ya Eminem akajipata na 50 Cent ndani ya nyumba. Hiyo ni promo pesa haiwezi nunua manze.

Ya pili ni In Da Club. Ilitoka Januari 2003, mwezi mmoja hivi kabla ya albamu. Biti ni ya Dre na Mike Elizondo, na enyewe ilikuwa imepewa kundi la D12 kwanza wakashindwa kuitumia. Wewe prodyuza isikize tena na hedifoni nzuri: vyombo ni vichache sana, ile melodi fupi inarudi inarudi, ngoma nzito, makofi, na katikati kuna nafasi tupu kibao ameachiwa sauti ipumue. Hakuna kitu inapigana na rapa. Halafu anafungua na mambo ya bathidei! Kila usiku kwa kila klabu duniani kuna mtu anafikisha miaka, kwa hivyo dijei yeyote ako na sababu ya kuicheza kila wikendi mpaka mwisho wa dunia. Ilikaa namba 1 kwa Hot 100, chati ya nyimbo ya Marekani, wiki 9. Baadaye 21 Questions na Nate Dogg, Mungu amlaze pema, ikakaa namba 1 wiki 4, na 50 amewahi kusimulia kwamba Dre hakuitaka kwa albamu, aliona wimbo wa mapenzi hauendani na gangsta. Fikiria wangeiondoa.

Huku kwetu matatu zilichorwa sura yake na majina ya G-Unit pande zote na hakuna kampuni ililipia hiyo tangazo. Hiyo ni kazi ya singo, si ya mikstepu, juu hapa karibu hakuna mtu alikuwa amesikia mikstepu zake.

biti_za_keko:

Daah asanteni sana wakuu, hii ni elimu tupu. Nai umenigusa hapo kwenye nafasi tupu, mimi nina ugonjwa wa kujaza vyombo na dogo analalamika kila siku kwamba sauti yake haisikiki.

Sasa nina swali la pili. Kwanini siku nne? Na nimesoma mahali kwamba albamu ilivuja kabla ya kutoka. Kama ilivuja, nani tena alienda kununua? Huku kwetu wimbo ukivuja ndo umekufa, hata mwaliko wa shoo unapungua kwa sababu kila mtu ameshauchoka kabla hujautambulisha.

mzee_wa_kanda:

Ngoja nikueleze inavyofanya kazi kule. Tangu 1991 mauzo yanahesabiwa na SoundScan, mashine ya dukani ikisoma ile michirizi nyuma ya kava kopi imehesabiwa, na kipindi hicho wiki ya mahesabu ilikuwa inafungwa Jumapili. Albamu kwa kawaida zilikuwa zinatoka Jumanne ili zipate karibu wiki nzima. Hii ilipangwa Jumanne ya tarehe 11 Februari. Kopi za wizi zikaanza kuzagaa mitaani na kwenye intaneti, Interscope wakaona wakisubiri hiyo Jumanne watakuta mtaa umeshashiba, wakaisogeza, ikaingia madukani Alhamisi tarehe 6. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, ndo hizo siku nne zako.

Na kopi za mwanzo wakaziwekea dividii ndani. Hapo ndo walipocheza akili, kwa sababu mwizi wa barabarani anaweza kukuchomea sidii ya nyimbo kwa dakika chache lakini dividii ya pili, kava ya maana, kitabu cha picha, hivyo hana. Wewe shabiki ukinunua ya dukani unajua umepata kitu ambacho rafiki yako mwenye feki hana. Tena hawakuwa wanajaribu, walishafanya hivyo hivyo na The Eminem Show Mei 2002, nayo ilikuwa inadurufiwa hovyo, wakaisogeza mbele na ikatoka na dividii. Yani kampuni ilikuwa na mazoezi tayari.

Rekodi aliyoivunja kwa msanii mpya ilikuwa ya Snoop, Doggystyle ya 1993, karibu kopi 803,000, na hiyo prodyuza ni Dre huyo huyo. Karibu miaka kumi ilikuwa imekaa.

Ila mimi namba ninayoipenda zaidi ni ya wiki ya pili, kopi 822,000. Watu wanaisahau hii. Albamu nyingi zenye kelele wiki ya pili zinadondoka nusu au zaidi kwa sababu mashabiki wa damu wameshanunua wote. Hii imepungua 50,000 tu. Ni kweli wiki ya pili ilikuwa na siku saba kamili, hata hivyo hiyo inaonesha walionunua kwanza walienda kuwaambia wengine na wengine wakatoa hela. Promo inaweza kukuletea wiki ya kwanza, wiki ya pili inaletwa na albamu yenyewe. Ndo ikamaliza 2003 ikiwa namba moja kwa mauzo Marekani, zaidi ya kopi milioni 6 ndani ya mwaka huo.

mwanahawa_mixa:

Nimefuatilia uzi wote na umenifurahisha, naomba nichangie pande mbili, hela na risasi.

Kaka Keko, hiyo dola milioni 1 msiione kama zawadi. Ni advansi, yani mkopo unaokatwa kwenye mirabaha yake kabla hajaona senti, pamoja na gharama za video na studio kulingana na mkataba. Na platinamu nayo muielewe, kipindi kile RIAA, yani chama cha kampuni za muziki Marekani, walikuwa wanahesabu mzigo uliosafirishwa kwenda madukani, kopi milioni 1 ni platinamu moja. Siku hizi wanajumlisha na mitandao, strimu 1,500 wanazihesabu kama albamu moja, na ndo kwa utaratibu huo mpya Get Rich imefikishwa platinamu 9 mwaka 2020. Kwahiyo mtu akikutajia platinamu muulize ni ya lini.

Alichofanya 50 ambacho mimi namheshimu nacho ni kutotegemea sidii peke yake. Mwaka huo huo wa 2003 akafungua G-Unit Records ndani ya Interscope, akaanza nguo na mbunifu wa mavazi Marc Ecko, akaingia mkataba wa raba na Reebok, na Novemba kundi zima likatoa albamu. Mtu aliyenunua sidii Februari akakuta Desemba anavaa fulana. Huo mtandao wa vitu ulipangwa wakati jina bado lina moto, hawakusubiri lipoe ndo waanze kutafuta wadhamini.

Sasa kwenye risasi naongea kwa uchungu kabisa. Marapa waliopigwa risasi Marekani ni wengi mno, na wengi wao wako makaburini, hawakuuza chochote. Lebo kweli ilizitumia, kava yenyewe ina kioo chenye tundu la risasi, na bifu lake na rapa Ja Rule likapigiwa debe kila kona, humo ndani kuna wimbo mzima wa kumshambulia. Lakini kovu haliandiki kiitikio. Aliyemfundisha 50 kuhesabu mistari na kupanga wimbo ni marehemu Jam Master Jay wa Run-DMC, alimchukua akiwa hajui hata wimbo unaanzia wapi unaishia wapi. Jay aliuawa kwa risasi ndani ya studio yake Queens tarehe 30 Oktoba 2002, miezi mitatu tu kabla ya albamu kutoka. Mwalimu hakuyaona matunda. Kila nikisikia watu wanasema risasi ndo ziliuza namkumbuka yeye, maana risasi zilimuua mtu aliyemjenga huyo msanii. Tafadhali huyo mshkaji wenu wa tatu asimjaze dogo maneno hayo.

nai_boombap:

Dada umeongea ukweli mtupu, hapo kwa Jam Master Jay nimenyamaza.

biti_za_keko:

Dada Mwanahawa nimemwita dogo nikamsomea hiyo aya yako yote mbele ya huyo mshkaji. Heshima sana.

Swali la mwisho basi wakuu halafu niwaache. Tukiamua kwenda na njia ya mikstepu, tuchukue biti za nyimbo zinazotamba kama alivyofanya yeye au?

mbeba_boksi_nj:

Usifanye hivyo mdogo wangu. Hata kule ilikuwa inavumiliwa tu kwa sababu lebo zenyewe zilikuwa zinafaidika, haikuwa halali. Januari 2007 polisi wakishirikiana na RIAA walivamia ofisi ya DJ Drama, dijei wa mikstepu wa Atlanta, wakabeba sidii na kumkamata, na huyo ni mtu ambaye lebo kubwa zilikuwa zinampelekea wasanii wao awatangaze. Siku hizi ukipandisha wimbo kwenye YouTube na biti ya mtu, mashine inaitambua hapo hapo na ama unashushwa ama hela anakula mwenye biti. Umehangaika bure.

Wewe ni prodyuza! 50 alichukua biti za watu kwa sababu hakuwa na hela ya kununua za kwake. Nyie mnazo.

mzee_wa_kanda:

Naunga mkono. Na msigawe zote. Zile nzuri zaidi ya zote wekeni pembeni kwa ajili ya albamu, In Da Club haikuwa kwenye mikstepu yoyote ya mezani hapo Canal Street. Mnazotoa bure ziwe kali za kutosha mtu azitafute tena, zitoeni kwa kufuatana bila kupotea katikati, maana yeye mwaka 2002 kila baada ya miezi michache watu walikuwa na kitu kipya mkononi.

Halafu kabla hamjaamua chochote kaeni siku moja msikilize 50 Cent Is the Future yote, mkimaliza tu wekeni Get Rich. Sikilizeni viitikio peke yake, acheni mistari. Mtaona kwenye ile ya kwanza ameshakuwa msanii yule yule wa kwenye ile ya pili, namna anavyoimba nusu anaongea nusu ni ile ile, kilichobadilika ni biti, studio na meza ya kuuzia. Dogo akiwa na viitikio vya aina hiyo toeni. Kama bado hana, mrudishe studio aandike vingine.

biti_za_keko:

Tunasikiliza kesho mchana, spika nimeshazifunga upya. Viitikio anavyo vitatu ninavyoviamini, vingine vyote ataandika upya.